Darasa la Pumzi na Watu wa Kundi la Kusubiri

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kiti cha chuma, nikaambiwa nikae kando ya ukumbi wa mazoezi na nisifanye kitu. Ilikuwa hospitali moja ya mashariki ya London, Jumatatu ya mvua, nami nimevaa sare iliyonizidi mabegani. Kazi yenyewe iliitwa msaidizi wa fizio, yaani mtu wa kumshika mgonjwa wakati mtaalamu wa viungo anampa mazoezi, kusogeza vyuma vya kutembelea na kufuta mikeka. Nilikuwa nimetoka Pemba kumfuata mume wangu, na Kiingereza changu kilikuwa cha darasani. Baada ya muda mrefu Mkuu wa Fizio, mama wa Kiskoti mwenye sauti kavu, alinijia akaniuliza nimeona nini.

"Nimeona wagonjwa wakifanya mazoezi," nikasema.

"Hata mpita njia angeona hayo. Yule bwana wa dirishani, alipoinuka alishika ukuta kwa mkono gani?"

Sikujua.

"Huruma unayo, naiona usoni. Sasa jifunze kutazama. Kesho utaniambia."

Kesho yake nilimwambia: wa kushoto, na kabla ya kuushika alikuwa ameuma mdomo. Akaitikia kwa kichwa na kunipa kitambaa cha kufutia mikeka. Ndivyo nilivyoajiriwa hasa.

Vijana wanaoingia kazi hizi siku hizi wanakuta kila kitu kinapimwa na mashine. Wakati wetu vipimo vikuu vilikuwa viwili, na vyote vilimtaka mtu awepo. Cha kwanza ni spirometa, chombo chenye mrija ambao mgonjwa anapuliza kwa nguvu zote ili ijulikane mapafu yanatoa hewa kiasi gani na kwa kasi gani. Cha pili ni matembezi ya dakika sita. Mgonjwa anatembea kwenye ukumbi mrefu, huku na huku, nasi tunapima amefika umbali gani. Hapa msimamizi haruhusiwi kumtia moyo mgonjwa zaidi ya maneno yaliyokubaliwa. Ukimwambia mmoja "haya mama, jikaze" na mwingine ukanyamaza, umeshaharibu kipimo. Mimi nilizoea kwetu mtu akitembea kwa shida kila anayempita amsemeshe, kwa hiyo kunyamaza huko kulinichukua muda zaidi kuliko Kiingereza.

Nilikaa pale mpaka watoto wangu wakaingia sekondari. Kisha nikahamishiwa kliniki ya mapafu upande wa kaskazini-magharibi, si mbali na Kingsbury. Bosi wangu wa huko alikuwa Daktari Bingwa wa Mapafu, mtu mrefu, mpole kwa wagonjwa na mkali kwa karatasi. Wagonjwa wengi walikuwa Wahindi wa Afrika Mashariki, wafanyabiashara waliostaafu, na wakinisikia jina walihamia Kiswahili papo hapo. Kilikuwa Kiswahili cha Mombasa, cha Mwanza, cha Kisumu, kila mmoja na chake.

Hapo ndipo nilipolisikia neno qigong kwa mara ya kwanza, na nililisikia kwa habari mbaya. Hutamkwa chigong. Ni mazoezi ya zamani ya Wachina: miondoko ya polepole, pumzi inayofuatana na miondoko, na akili iliyotulia juu ya pumzi hiyo. Wachina wa jadi husema mwilini mna qi, nguvu inayopita kwenye njia zake kama maji mferejini, na kwamba mazoezi haya huifungulia njia. Mgonjwa wetu mmoja, Bwana Jayanti, aliyewahi kuwa na duka la vitambaa Mwanza, alikuja kliniki bila pampu yake ya dawa.

"Bwana Jayanti, pampu iko wapi?"

"Pampu ya nini, dada? Nimepata fundi. Ananiwekea kiganja mgongoni hapa, hata hanigusi, moto unaingia mpaka tumboni."

"Na pumzi?"

"Pumzi itakuja. Amesema nisiwe na haraka. Na dawa za hospitali zinafunga njia, amesema niache kwanza."

Fundi huyo alikodi ukumbi mwisho wa wiki na kudai kwamba anarusha qi kutoka mikononi mwake hadi kwa mgonjwa. Tulimsihi Bwana Jayanti arudie dawa. Akacheka, akasema sisi vijana hatuna imani. Siku chache baadaye gari la wagonjwa lilimleta midomo imekuwa ya buluu. Alipona, lakini ile pumzi aliyokuwa nayo hakuipata tena. Daktari Bingwa alituita sote chumbani kwake, na maneno yake nimeyaweka mpaka leo.

"Sina ugomvi na mazoezi," alisema. "Mtu akisimama bustanini akainua mikono polepole na kuvuta pumzi vizuri, nitampigia makofi. Ugomvi wangu ni na mtu anayesema zaidi ya anachokijua. Awe amevaa hariri, awe amevaa koti jeupe kama langu."

Kwa hiyo nilipohamishwa mara ya tatu, kurudi mashariki, na kuambiwa kwamba sasa nitakuwa mratibu wa utafiti na kwamba utafiti wenyewe ni wa qigong, nilikwenda na moyo mzito. Mratibu wa utafiti ndiye anayetafuta wagonjwa, kuwaeleza, kuchukua ridhaa yao, kuwapangia vipimo na kuhakikisha kila kilichoandikwa ndicho kilichotokea. Juu yangu alikuwapo Profesa wa Tiba ya Mapafu. Alikuwa na kawaida ya kuvua miwani kila anapofikiri, na kuisahau kila mahali.

Mwalimu Chen nilimkuta ukumbini anapanga viti. Mfupi, mkavu, na maisha yake yote alikuwa fundi wa lifti. Qigong alifundishwa na shangazi yake utotoni, akaifanya kila asubuhi kabla ya kwenda kupanda kwenye mashimo ya lifti za watu. Alipostaafu aliomba nafasi ya kuwafundisha wagonjwa wa mapafu kwa kujitolea, na kwa miaka kadhaa darasa lake lilikuwa linajaa. Nilimsimulia habari za Bwana Jayanti bila kumtaja jina, nikitaka kuona atasema nini.

"Mwizi," alisema. "Anayekwambia utupe dawa ni mwizi. Mimi sirushi kitu. Mikono yangu inarusha nini? Nimeshika grisi miaka arobaini."

"Na qi, Mwalimu? Ipo?"

"Mimi naihisi. Profesa wako hana chombo cha kuipimia. Tumekubaliana tusigombane kwa hilo."

Hayo ndiyo yalikuwa makubaliano kweli. Profesa alitufundisha kwamba kuna maswali mawili, na watu huyachanganya. La kwanza: je, qi ipo? La pili: je, mgonjwa anayefanya miondoko hii anapata nafuu kuliko asiyeifanya? La kwanza tuliliacha. La pili tuliliona linapimika. Na jibu lake lilikuwa na uzito, kwa sababu Meneja wa Huduma wa hospitali alikuwa ametangaza kwamba kumbi zimepungua na kitakachobaki ni kile tu chenye ushahidi. Utafiti ukionyesha nafuu, darasa litaingizwa katika huduma za kudumu. Usipoonyesha, ukumbi utachukuliwa. Mwalimu Chen alilijua hilo kuliko sisi sote. Aliniambia siku moja tunakunywa chai, "Nataka waniambie ndiyo au hapana nikiwa hai. Hapana naiweza pia. Nisichokiweza ni kuondoka bila kujua."

Mpango ulikuwa huu. Wagonjwa wote wanapimwa. Kisha kompyuta inapiga kura, kila mtu kwa bahati yake, na kuwagawa makundi mawili: kundi la darasa na kundi la kusubiri. La kusubiri linaendelea na matibabu yake ya kawaida, na litafundishwa utafiti ukiisha. Kundi hilo la pili ndilo la kulinganishia. Bila hilo huwezi kujua kama mtu amepona kwa sababu ya darasa, au kwa sababu majira yamebadilika, au kwa sababu tu kuna watu wanamjali na kumpima. Udhaifu mmoja tuliukubali tangu mwanzo. Kidonge unaweza kukiigiza kwa unga wa sukari, mgonjwa asijue amepewa kipi. Lakini mtu huwezi kumfumba macho asijue kwamba anainua mikono. Tafiti nyingi za qigong zimekwama hapo, na nyingine zimekuwa ndogo mno kutoa jibu.

Wagonjwa niliwatafuta mimi, kliniki na mitaani. Kwa kuwa Walthamstow na jirani zake wapo watu wetu wengi wa Unguja na Pemba, nao walikuwa wakinijua kwa arusi na misiba, wengi walioandikishwa walikuwa wao. Niliwasomea maelezo kwa Kiswahili, pamoja na sharti kwamba wa darasani asimfundishe mwenziwe miondoko mpaka utafiti uishe. Wengine waliogopa kwanza kwamba ni ibada ya watu. Mwalimu Chen akawajibu, "Haya ni mazoezi. Anayetaka kuomba, aombe Mungu wake, mimi nahesabu pumzi." Wakaridhika.

Miongoni mwao alikuwamo Bi Zuwena. Hilo ni jina nililompa mimi, na ameniruhusu nimwandike. Ni mjane wa Wete, aliyefanya kazi ya kutunza wazee London mpaka mwenyewe akazeeka, mapafu yameharibiwa na moshi wa kuni wa tangu utotoni na baridi ya huku. Chini ya nyumba yake, jengo lile lile, anakaa rafiki yake wa tangu chuo cha Kurani utotoni, Bi Raya, naye kifua chake kibovu vile vile. Kompyuta ikamtia Bi Zuwena katika darasa, Bi Raya katika kusubiri.

"Imetutenga?" Bi Zuwena aliniuliza.

"Haijui kama mnajuana, Bi Zuwena. Ni kura tu."

"Basi ina akili ndogo hiyo kompyuta yenu. Hata kura za kwetu mtu aliuliza kwanza nani ni nani."

Akatia sahihi. Bi Raya naye akatia. Nilidhani yamekwisha.

Darasa lilikwenda vizuri. Nilikuwa nikisimama mlangoni kutazama kama nilivyofundishwa. Watu waliokuja wamekunja mabega walianza kuyashusha. Mzee aliyekuwa akipumzika kila ngazi tatu akawa anafika juu akizungumza. Lakini kutazama si kupima, na mimi wakati huo nilikuwa nimeshajua tofauti, kwa hiyo nilijikataza kufurahi.

Karibu na mwisho wa utafiti palitokea msiba Walthamstow, na Jumapili nikaenda kwenye hitima. Wanawake walikuwa wengi, nyumba ndogo. Baada ya kusoma na kula, nilikwenda jikoni kutafuta maji, nikasikia sauti ndani ya chumba cha nyuma.

"Vuta... usiharakishe, hukimbizwi... sasa anika nguo. Anika! Kamba iko juu, Raya, hiyo unayoifikia ni ya watoto."

Nikasukuma mlango. Bi Zuwena alikuwa amesimama mbele, leso kiunoni. Nyuma yake, safu mbili, wanawake wameinua mikono juu viganja vikitazama dari. Ule ndio muondoko ambao Mwalimu Chen aliuita kuinua mbingu. Bi Zuwena alikuwa ameupa jina la kuanika nguo. Bi Raya alikuwa safu ya mbele.

"Bi Raya!" nikaita.

Mikono ikashuka. "Mimi nanyoosha mgongo tu, mwanangu. Nimekaa sana chini."

"Mwongo huyo," Bi Zuwena akasema. "Tuko darasani. Ingia mstarini nawe, mgongo umekukauka kwa kukaa maofisini."

"Bi Zuwena, si tulikubaliana usimfundishe mtu?"

"Tulikubaliana nisifundishe watu. Raya ni watu? Tumelala kitanda kimoja mimi na huyu. Asubuhi namsikia anakohoa chini ya sakafu yangu. Mimi nile nishibe, yeye anuse harufu?"

"Ni miezi michache tu. Naye zamu yake itafika."

"Na akifa kabla? Utampelekea zamu yake kaburini?"

"Usinizike bado," Bi Raya akasema. "Kuna halua sijaionja."

Wakacheka wote. Mimi nilikuwa nazitazama nyuso. Wa kundi la kusubiri walikuwa wengi chumbani mle kuliko nilivyoogopa. Nikauliza taratibu, nao wakanieleza bila kuficha, kwa sababu hawakuona cha kufichwa. Kila aliyefundishwa alikuwa amemfundisha mwenziwe: jirani, dada, wifi. Waume walikuwa wanafanya yao baada ya sala ya alasiri. Mmoja alikuwa amemfundisha Bwana mmoja wa Kihindi wanayekutana naye kituo cha basi, naye pia alikuwa wa kusubiri.

"Tumefanya vibaya?" Bi Raya akaniuliza, na safari hii hakuwa akitania.

Nikamwambia hawajafanya vibaya. Lilikuwa jibu la kweli, na halikunisaidia kitu.

Njiani kurudi nyumbani niliwaza kwamba hakuna atakayejua. Vipimo vya mwisho vilikuwa havijafanywa, lakini nilijua vitakuwaje: makundi yote mawili yatakuwa yamepata nafuu. Nikinyamaza, watu watafikiri nini? Watafikiri qigong haina tofauti na kutofanya kitu. Nikisema, utafiti utahesabiwa umeharibika. Kwa njia yoyote Mwalimu Chen hapati jibu lake. Tofauti ilikuwa moja tu: nikisema, kitakachoandikwa kitakuwa kweli. Asubuhi nikaenda kwa Profesa.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akavua miwani.

"Wangapi?"

"Siwezi kukwambia idadi. Wengi."

"Tunaita uchafuzi," alisema. Maana yake ni kundi moja kupata kile kilichokusudiwa kwa kundi la pili. "Neno baya kwa jambo lenyewe, nakiri." Akaufungua mpango wetu mezani. "Tungepiga kura kwa mitaa. Mtaa mzima ujifunze, mtaa mwingine usubiri, si kumtenga mtu na jirani yake. Hivyo hufanywa."

"Kwa nini hatukufanya?"

"Unataka watu wengi zaidi na miaka zaidi. Na mimi sikujua kwamba hawa wanaishi namna hii. Nilidhani jirani wa London ni mtu unayemsikia akifunga mlango."

Mimi niliyejua wanavyoishi nililetwa mpango umeshapitishwa. Lakini hata ningekuwapo, sidhani ningelifikiria. Vitu tunavyovijua sana hatuvioni kama habari.

Tulimaliza vipimo. Kanuni ya utafiti inasema mtu ahesabiwe katika kundi alilopigiwa kura, hata kama alifanya jingine, la sivyo kila mtafiti atahamisha watu mpaka apate anachokitaka. Tukahesabu hivyo. Makundi yote mawili yalikuwa yametembea mbali zaidi, yote yamepumua vizuri zaidi kwa maelezo yao wenyewe, na kati yao hapakuwa na tofauti ya kushikika. Profesa akaandika kwa uaminifu kwamba utafiti huu hauwezi kutoa jibu, na akaeleza sababu.

Kikao na Meneja wa Huduma hakikuwa kirefu.

"Kwa hiyo haifanyi kazi," Meneja akasema.

"Sikusema hivyo. Nimesema hatuwezi kujua."

"Profesa, mimi sina mahali pa kuweka 'hatuwezi kujua'. Nina ndiyo na nina hapana."

"Wagonjwa wote wamepata nafuu," nikaingilia.

"Hata wale wasiofundishwa, kwa mujibu wa karatasi yenu. Ndiyo maana nauliza kwa nini nilipe umeme wa ukumbi."

Simlaumu sana. Alikuwa na kumbi chache na wagonjwa wengi. Ukumbi ukawa stoo ya vitanda. Ile ahadi ya kwamba kundi la kusubiri litafundishwa baadaye haikutimizwa, ila na wale waliokuwa wameshaitimiza wenyewe.

Kazi ya kumweleza Mwalimu Chen nilipewa mimi. Tulikaa kwenye mkahawa ulioko nje ya hospitali. Nilimweleza kura, kanuni, uchafuzi, yote. Alisikiliza kwa heshima ya fundi anayeelezwa hitilafu ya mashine isiyo yake.

"Kwa hiyo si ndiyo," akasema.

"Si ndiyo."

"Wala si hapana."

"Wala si hapana, Mwalimu."

Akazungusha kikombe. "Hawa wa kusubiri. Waliimarika kama wangu?"

"Karibu sawa."

"Bila mimi kuwagusa hata siku moja." Akatabasamu kidogo, mara ya kwanza siku ile. "Basi nani huyo aliyefundisha vizuri hivyo? Mimi imenichukua maisha. Ningependa kumwona."

Mambo ya mshiriki wa utafiti ni siri, na mratibu hana ruhusa ya kumtaja mmoja kwa mwingine, hata kwa mwalimu. Nilimwambia siruhusiwi. Akasema anaelewa, akavaa kofia, akanishukuru kwa chai. Baadaye alihamia kwa binti yake mji mwingine. Msimu wa baridi uliofuata binti huyo alimpigia simu Profesa kumwarifu kwamba baba yake amefariki, na habari ikafika hadi Walthamstow.

Nimestaafu sasa. Walinikatia keki, wakanipa maua, Profesa akasahau miwani kwenye sahani yangu. Wajukuu wakiniuliza nilifanya kazi gani, nami nikawajibu kwa Kiswahili, wao wananirudishia kwa Kiingereza: "Kwa hiyo qigong ni sayansi au si sayansi?" Huwajibu nilichokijua, bila kuongeza. Hakuna aliyeipima qi. Anayedai kurusha nguvu mikononi na kukutoa kwenye dawa, mkimbie. Lakini mazoezi yenyewe, ya kusimama vizuri, kusogea polepole na kupumua kwa utaratibu, yana dalili njema kwa wazee, kwa mizani ya mwili na kwa pumzi. Ni dalili, haijawa hukumu, na mimi nilikuwa karibu na mahali ambapo pangeweza kupatikana kitu kilicho imara zaidi, kikatuponyoka. Nimeshatafuta pa kuweka lawama, sijapaona. Bi Zuwena alifanya linalopasa. Profesa pia, na mimi naamini nilifanya. Majuto yasiyo na mkosaji ni mabaya, kwa sababu huna wa kumsamehe.

Mwezi uliopita nilikwenda kumtazama Bi Zuwena. Sasa anatumia mashine ya oksijeni, mrija uko puani mchana kutwa. Bi Raya amerudi Wete kwa mwanawe. Mjukuu alituletea chai, akatuacha.

"Mwanangu," Bi Zuwena akasema, "nimekuwa nikitaka kukuuliza. Lile darasa walilifunga kwa ajili yangu?"

Ilikuwa habari yake mwenyewe, kwa hiyo nilikuwa huru kumpa. Nikamweleza kama nilivyomweleza Mwalimu, polepole zaidi. Kwa sehemu, ndiyo. Yeye na wenziwe.

Akavuta pumzi fupi fupi. "Ningejua, ningefanya vile vile. Raya alikuwa hapumui."

"Najua."

"Na Mchina wetu alisemaje?"

"Aliuliza ni nani aliyefundisha vizuri hivyo. Alisema angependa kumwona."

Bi Zuwena akaweka kikombe chini. "Ukamwambia ni mimi?"

"Sikuruhusiwa, Bi Zuwena."

"Hata baadaye?"

"Hata baadaye."

Akaurekebisha mrija puani.

"Basi kafa hajui," akasema.